Nafasi ya Sauti ya Pili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta salama, na goti lako limeacha kukugombeza kila ukipanda ngazi. Shemeji naye hajambo? Mwambie sijasahau alivyonichezea rafu kwenye karata. Mimi huku ninakula na kulala, na jirani wa juu bado anaburuta viti kama mtu anayehama kila siku. Mambo si mabaya, ingawa nyumba imekuwa kimya kupita kiasi tangu wifi yako atutoke.

Najua unashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Ukisikia sauti yangu tu utaanza kunihoji, nami nitakwepa kama kawaida yangu. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, kwa hiyo nivumilie.

Unazikumbuka filamu zetu mimi na wifi yako, zile diski zilizojaa kabati la sebuleni mpaka milango haifungi? Zimeanza kuharibika. Nyingine zimeota madoa, nyingine zinakwama katikati na picha inaganda mtu akiwa ameachama mdomo. Jioni zangu zote zimo humo, dada. Nikishakula naweka moja, nakaa upande wangu uleule wa kochi, na pakifika mahali pa kuchekesha nacheka, halafu nageuka kuona kama mwenzangu naye amecheka. Upumbavu, najua, lakini diski hizo zikifa sijui jioni nitazipeleka wapi.

Basi nikamwita fundi kompyuta wa mtaa wa pili, mama mmoja mwembamba ambaye kila mtu anamwita Waya. Alisema filamu zote atazihamishia kwenye kifaa kimoja kidogo kuliko daftari, lakini kwanza nichague aina ya faili. Nikamwambia faili ni faili. Akanitazama kwa huruma, akanieleza taratibu. Anaweza kuniwekea MP4 nyepesi, inayofunguka karibu kila mahali, ila ili iwe ndogo hivyo atabana picha, ipungue ubora. Au aniwekee MKV, na humo atahamisha kila kitu kama kilivyo, picha, maandishi ya chini, na sauti hata ziwe tatu au nne ndani ya faili moja. Hiyo inakula nafasi, na TV yangu kuukuu haiwezi kuifungua bila kisanduku cha kuchomeka pembeni.

Nikasema aniwekee ile ndogo, yaishe. Waya hakukubali. Alitaka nione kwanza, akanichezea kipande kimoja mara mbili, kwanza kilichobanwa, kisha kizima. Kilikuwa cha mwanamke amesimama dirishani, mvua inanyesha. Akaniuliza ipi nzuri. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba zote sawa, na kwamba mafundi wa siku hizi wanapenda kuwauzia watu tofauti zisizokuwepo.

Hakucheka. Alikirudisha kile kipande cha kwanza, akasema, "Mzee, ile ya kwanza nimeibana kupita kiasi makusudi. Uso wa yule mama umekatika vipande vipande. Hukuona?"

Sikuona, dada. Mimi niliyechanganya rangi kwenye duka la rangi maisha yangu yote, niliyekuwa nikibishana na wateja kuhusu nyeupe na nyeupe. Nilikuwa nimeshajipa visingizio vya kila aina: balbu hafifu, TV mbovu, miwani chafu. Waya ndiye aliyenisindikiza kwa daktari wa macho. Daktari alisema ugonjwa umeshika katikati ya jicho, macho yote mawili. Pembeni nitaendelea kuona, lakini nyuso na herufi zitaniondoka kidogo kidogo. Dawa itachelewesha, haitarudisha. Ndiyo maana nimeandika kwa kalamu nene, na mistari inapanda kama imelewa.

Watoto sijawaambia. Wakipiga simu wananiuliza nimekula nini, nawatajia chakula, tunaagana. Wewe ndiye wa kwanza kujua, na wewe ndiye ninayeweza kukwambia kwamba naogopa. Naogopa kukaa sebuleni nikisikia watu wanazungumza kwenye TV, halafu wananyamaza, nami nisijue wamefanya nini.

Nilirudi kwa Waya nikamwambia nachukua ile kubwa. Alishangaa, maana picha safi hazinisaidii tena. Nikamwambia sitafuti picha, natafuta nafasi ya sauti. Amenihakikishia kwamba ndani ya faili lile, kando ya sauti ya filamu yenyewe, anaweza kuweka sauti ya mtu anayesimulia kinachoonekana, nami niichague kwa rimoti. Sauti hiyo nataka iwe yako. Hujawahi kutazama filamu bila kuongea, na nimekunyamazisha sana. Sasa ongea. Niambie nani kaingia, kamtazama nani, gauni ni la rangi gani, na usiseme jekundu tu kama mteja mvivu.

Ndani ya bahasha kuna flashi yenye filamu moja. Mwanao atakuonyesha jinsi ya kujirekodi kwa simu. Ndiyo filamu tuliyokuwa tukiitazama na wifi yako siku moja kabla hajalazwa. Alisinzia katikati, nikaizima ili tuje kuimalizia pamoja akirudi. Sikuigusa tena. Juzi nilijikaza nikaiweka peke yangu, nikaifikisha mwisho, na sikuweza kuona kama wale wawili walikumbatiana au walipeana mgongo.

Nisalimie shemeji na wote hapo nyumbani. Usije mbio na mabegi, goti lako lisije likanilaumu. Itazame tu mpaka mwisho, dada, kisha uniambie.

Nabaki mdogo wako,
Mbishi