Kichwa cha Kwale

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Nasema wazi: aliyemuua kwale wa shangazi ni kanu, yule mnyama kama paka aibaye kuku usiku, wala si mkono wa binadamu. Komeo la tundu liko mahali pake, mwili umo ndani – kichwa hakipo! Damu kidogo mno. Shangazi Fakhria haniulizi mimi niliyesomea wanyama miaka mitatu. Anautazama mlango wa Bi Mwanakhamis, mjane wa Kipemba aliyepanga chumba chetu cha uani. Juzi bibi huyo alilalamika kwamba kwale anamkatiza usingizi. Basi, huo ndio ushahidi wa uchawi! Amepewa hadi Ijumaa ahame.

Jumanne, 6 Agosti

Jioni nimemwaga jivu kulizunguka tundu, lishike nyayo. Jirani Nasri akachungulia ukutani: msomi, nawe umeanza uganga? Nikampa hoja tatu. Akacheka. Kwale jike aliyebaki amejibanza pembeni. Hali chakula. Anatazama juu tu.

Jumatano, 7 Agosti

Na jike pia. Kichwa hakipo. Jivu li vilevile nilivyoliacha – hakuna unyayo hata mmoja! Nililikagua mara nne, nywele zimenisimama. Shangazi mlangoni, leso mdomoni:

"Himyar mwanangu, kanu wako anaruka?"

Nikainama kulikagua jivu mara ya tano. Mimi!

Nilimpa Bi Mwanakhamis shikamoo. Alikuwa akifunga vyombo. Marahaba, akasema, usigombane na shangazi yako kwa ajili yangu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nilikosea, nakiri. Chini ya paa la chumba cha Bi Mwanakhamis nimeokota kidonge kikavu cha manyoya, kilichotapikwa. Nikakipasua: mifupa ya panya watatu, na mdomo wa kwale. Bundi! Hutua juu ya tundu; ndege akitaharuki hupenyeza kichwa kwenye waya, naye hukinyofoa. Nikampelekea shangazi mbio, kwa furaha. Akarudi nyuma.

"Bundi? Juu ya chumba chake? Umeniondolea shaka, mwanangu."

Ushahidi wangu mwenyewe! Mkokoteni umeshaagizwa, kesho baada ya sala.

Nami nitasimama uani, kidonge mkononi, majirani wote wakiwapo. Nadai shangazi anijibu mbele yao: panya hawa watatu nao walirogwa na nani?

Magharibi inaingia. Kitu kizito kimetua juu ya bati – la chumba changu. Kinakwaruza. Shangazi amekisikia, ananiita kwa jina langu kamili, na havuki mlango wangu.

Basi kesho anijibu na hili, mbele ya watu: nami nihame?