Kaka, Mishale Yangu Ilielekea Ndani

Kaka Mwangi,

Nimefaulu. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu ulikuwa mtu wa kuchungulia jibu kabla ya kusoma swali, kisha unanigombeza mimi nikifanya hivyo hivyo.

Lakini nilikaribia kurudishwa nyumbani. Karatasi ya hesabu za vekta ndiyo iliyoamua nani abaki chuoni Kampala na nani afunge virago. Swali la mwisho lilitupa tufe lililojaa chaji ya umeme, tutafute uga wake: ile nguvu inayotanda nje ya tufe, ina ukubwa gani na inaelekea wapi. Nilicheka, Kaka. Si ndilo ulilonifundisha kwa kipande cha makaa, kwenye ukuta wa zizi kule Molo, uliponyimwa pasi, kile kibali cha kutoka, ya kurudi chuoni wakati wa hali ya hatari? Mzungu mwenye shamba alikuwa ametuzungushia seng'enge wafanyakazi wote na familia zetu. Ukaniambia, "Kizungushie ua wa kufikirika, bwana mdogo. Hesabu kinachotoka, toa kinachoingia, utajua kilichomo bila kuingia ndani." Na kila nikichora mshale juu ya ule ua ulipiga kelele, "Uelekee nje! Nje, wewe! Una masikio ya nini?"

Niliandika haraka haraka. Jibu likatoka fupi, zuri. Kisha nikalijaribu kama ulivyonizoeza: nikaweka karibu chaji nyingine ya aina ile ile, na hesabu yangu ikaivuta ndani. Chaji za aina moja husukumana, hata mtoto wa shule anajua! Nikapekua mistari yote, jasho likinitoka, msimamizi akipita huku anatazama saa. Kila mstari ulifuata mwenzake sawasawa. Sikuona kosa hadi nilipotazama mchoro. Mishale yangu yote ilielekea ndani.

Si kwamba sikujua. Mkono haukutaka. Tangu asubuhi ile Mama alipolemewa na homa, ukasema huwezi kungoja pasi, ukapita chini ya seng'enge kwenda kumtafutia dawa, na mlinzi akakupiga risasi sisi tukiona... tangu siku hiyo, chochote kinachovuka ua kwenda nje kinanitetemesha. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilidhani yamekwisha.

Nikakaa pale na kalamu mkononi, hasira ikinipanda. Hasira na yule mlinzi, ndiyo, lakini zaidi na wewe. Ungengoja! Pasi ilikuja mchana huo huo. Mama alipona bila ile dawa, Kaka. Alipona, akaamka, akakuulizia.

Msimamizi alipotangaza kwamba muda unakwisha, nilikata mishale ile mmoja baada ya mwingine nikachora mingine inayotoka nje. Kisha nikageuza alama ya kutoa kuwa ya kujumlisha katika kila mstari, na safari hii ile chaji ikasukumwa mbali, ilivyopaswa. Kengele ilinikuta naandika neno la mwisho.

Seng'enge imeng'olewa sasa. Mama amenitumia barua, ameandikiwa na jirani. Anasema bado anazunguka mpaka pale lilipokuwa lango, hata akienda kisimani, na kisima kipo hapo tu nyuma ya nyumba yake, ng'ambo ya pale ilipokuwa seng'enge. Wanawake wanamtania kwamba anamwogopa mlinzi asiyekuwepo. Anawajibu kwamba miguu imezoea. Mimi sikucheka niliposoma.

Lala salama, Kaka. Hasira haijaisha, nikisema imeisha utajua nadanganya. Nimekukosa sana, na hilo nalo halijaisha. Likizo hii nikishuka treni Nakuru sitakaa mjini hata kidogo. Nitaenda moja kwa moja kwa Mama, nimshike mkono, na tutatoka kwenda kisimani pale pale ulipopita wewe, si langoni.

Mdogo wako,
Kariuki