Keki ya Kuagwa

Baba Mapacha,

Sisi wazima. Paa la jikoni limeacha kuvuja, na wanao wameanza kunijibu kama wewe, neno kwa neno.

Kiwanda kimetuachisha kazi. Usishike kichwa, soma kwanza.

Ijumaa meneja alituita mafundi cherehani wote. Juu ya meza ya kukatia vitambaa kulikuwa na keki kubwa. Akasema sisi ni familia moja, mashine mpya zinakuja, na hiyo ndiyo asante yetu. Kisha akanikabidhi kisu nikate, kwa kuwa mimi ndiye mkongwe.

Nikakilaza kisu mezani. "Bosi, asante tumeipokea. Lakini asante ni hiari yako. Kiinua mgongo na mshahara wa notisi ni haki yetu. Keki hii haikatwi mpaka tulipwe."

Akacheka. Akatazama huku na huku, hakuna aliyecheka naye.

Jumatatu mashine mpya zikaletwa, zikatukuta kila mtu amekaa kwenye cherehani yake ya zamani, mikono mapajani. Wabebaji wakakosa pa kuzitua. Jumanne vilevile. Jumatano mhasibu akatuita mmoja mmoja, na hakuna aliyetoka bila haki yake yote na cheti cha kazi.

Ndipo nikakata keki. Ilikuwa kavu kama tofali, tukaichovya kwenye chai. Mume wangu, sijawahi kula kitu kitamu namna ile.

Kipande chako nimekutunzia. Hata kikiota ukungu, utakila.

Mkeo, fundi.