Mama Anataka Mimi Nisiyesali Ndiye Nimwombee

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usicheke, maana neno hili "naomba" likitoka kinywani mwangu, hata kama naomba chumvi tu, watu wa nyumbani kwetu hugeuka kunitazama, kwa sababu mimi ndiye yule mtoto asiyesali, na sisali si kwa uvivu wala si kwa kumkasirikia mtu, ila siamini kwamba yupo anayesikia, na hilo nilishalisema waziwazi mezani, siku mama aliponiambia ni zamu yangu kuombea chakula, nikamjibu, "Mama, nikisema maneno hayo nitakuwa nakudanganya," vijiko vikasimama hewani, kaka akanitolea macho, mdogo wangu wa kike akaanza kulia, na mama, ambaye ndiye niliyekuwa namwogopa kuliko wote, akasema tu, "Haya kuleni, chakula kinapoa," na tangu siku hiyo hakunigusia tena jambo hilo mpaka juzi.

Kabla sijafika juzi, nikueleze mimi ni nani. Ni mwanamke mtu mzima, kazi yangu kupima macho katika duka la miwani lililo kati ya duka la viatu na kituo cha kutoa fotokopi, na kila asubuhi kabla hatujafungua mlango wenzangu husimama nyuma ya kaunta, wakashikana mikono, wakafumba macho na kusali, na bosi wetu, ambaye ni mtu mwema kweli, baada ya kuhangaika sana na mimi aliamua kwamba wakati wa sala kazi yangu iwe kupokea simu, kwa hiyo mshauri ukitupigia asubuhi na mapema ukajibiwa na sauti inayonong'ona kama ya mwizi, ujue ni mimi. Fundi wetu wa fremu ndiye aliyenipa jina la Macho Wazi, na haachi kuniuliza maswali, mara "Macho Wazi, ukiponea chupuchupu barabarani unamshukuru nani?" nikamwambia dereva, akasema "Na kama dereva ni wewe mwenyewe?" mara "Mbona jana ulipojigonga kidole ulisema Mungu wangu?" nikamwambia ulimi una mazoea yake, akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka, na maswali yake hayanichoshi hata kidogo kwa sababu anauliza kwa kutaka kujua, wanaonichosha ni wale wasiouliza kwa kuwa wameshajua, kwamba eti nilitendwa na mwanamume, au nimesoma nikapitiliza, au nina pepo, na kuna mama mmoja aliyekuwa ameshaweka kidevu kwenye mashine akasikia habari zangu kwa mteja mwenzake, akakitoa kidevu, akachukua mkoba wake na kwenda zake akiwa haoni hata namba ya mlango.

Sasa juzi. Mama ana uvimbe tumboni na wiki ijayo anafanyiwa upasuaji, na daktari alituambia yote bila kuficha, kwamba kwa umri wake na moyo wake lolote linaweza kutokea, basi mama akatuita sebuleni, akakaa kwenye kiti chake cha dirishani akiwa na taulo magotini, akatugawia kazi kama anayesafiri, funguo za kabati zikae kwa nani, maua yamwagiliwe na nani, jirani arudishiwe sufuria yake, kisha kwa sauti ileile aliyoitajia sufuria akasema, "Na kabla sijaingizwa chumba cha upasuaji mtakuja wote, na wa kuniombea ni huyu," akanionyesha kwa kidevu. Kaka alicheka kwanza, alidhani mama amechanganya watoto, maana kaka ndiye anayeongoza sala kwenye nyumba yetu ya ibada na sauti yake haihitaji kipaza sauti, akasema, "Mama, huyu? Huyu si ataongea na dari!" na mama akamwambia, "Nimekusikia. Ni huyu," akainuka taratibu kwenda jikoni, na sisi tukabaki tunatazamana.

Kaka alinifuata hadi getini, akaniambia, "Ukikubali unamkejeli Mungu, ukikataa unamvunja mama moyo, na likitokea la kutokea usiniite kaka tena." Mshauri, maneno yale niliondoka nayo kifuani na bado ninayo. Maneno ya sala nayajua yote, nimelelewa nayo, nilijaribu bafuni mbele ya kioo yakatiririka yenyewe kama maji ya bomba, na nilijisikia vibaya mno, kwa sababu wote wangeamini na ni mimi na mama tu ambao tungejua.

Kuna jambo jingine dogo, sijui hata kwa nini nalitaja. Tangu nilipoacha kufumba macho, mezani huwa nawaangalia wenzangu wakisali, kaka hukunja uso kama anayebeba gunia, mdogo wangu hutabasamu, na siku moja nilimkuta mama naye macho yake yako wazi, ananitazama mimi, nikainamisha kichwa kwa haya, na tangu hapo nimemkuta hivyo mara nyingi, nadhani ananichunga, au anahuzunika kwa ajili yangu.

Nifanye nini? Nisali kwa uongo, nikatae, au siku hiyo nijifanye mgonjwa nisionekane kabisa? Sitaki kumdanganya mama siku ambayo huenda ikawa ya mwisho kumwona, na sitaki aingie mle ndani nikiwa nimemnyima kitu alichoniomba. Nampenda mno.

Wako, Macho Wazi

*

Macho Wazi, kwanza pole sana kwa ugonjwa wa mama. Wasomaji wangu wananijua, mimi ni mtu wa sala, asubuhi na jioni, na bila sala nisingeweza kuzisoma barua mnazoniandikia. Kwa hiyo usitegemee nikupigie makofi kwa kutoamini. Lakini pia usiogope, sina mpango wa kukurudisha kundini kupitia safu ya gazeti iliyobanwa kati ya tangazo la magodoro na bei za simu. Hukuniuliza hilo. Umeniuliza habari ya mama yako, na hapo ndipo nina ugomvi na wewe.

Unasema wanaokuchosha ni watu wanaojua kabla ya kuuliza. Nakuunga mkono, hata mimi wananichosha. Sasa niambie, mwanangu: mama yako mzazi, mgonjwa, amekaa kitini na taulo lake, amesema jambo la ajabu kuliko yote yaliyowahi kusemwa sebuleni kwenu. Wewe ulimuuliza nini? Nimeisoma barua yako kutoka juu hadi chini nikilitafuta swali lako. Hakuna. Hata "kwa nini, mama?" hakuna. Umekwenda kuuliza kioo cha bafuni. Umemsikiliza kaka getini. Umeniandikia mimi, ambaye sijapata kuona hata kiatu cha mama yako. Mwenye jibu alikuwa jikoni, hatua chache kutoka pale ulipokuwa umeduwaa.

Mimi nimewahi kupimwa macho. Binti mmoja alinikalisha gizani, akawa ananibadilishia vioo na kuniuliza, "Hii, au hii?" Nikamwambia, "Wewe ndiye mtaalamu, niambie iliyo sahihi nirudi nyumbani." Akanijibu kwa upole, "Mama, mimi siwezi kujua, anayeona ni wewe." Nilitaka kumrushia pochi. Leo ninasoma barua yako kwa miwani niliyoandikiwa siku ile, na inanifaa. Kazi yako ndiyo hiyo, si ndiyo? Kutwa unawauliza watu usiowajua wanaona nini, na unawasubiri mpaka waseme. Lakini mama yako umemwandikia miwani bila kumketisha kwenye kiti. "Ananichunga, au anahuzunika." Nani alikuambia?

Sasa tuje kwenye hilo unaloliita jambo dogo. Dogo! Nililipita, nikalirudia, chai yangu ikapoa. Mimi tangu utotoni nafumba macho nikisali, kwa sababu tulikuwa na dada mkubwa aliyetuambia kila mara nani kati yetu alifumbua. Ndiyo kwanza leo, kwa ajili ya barua yako, nimejiuliza yeye alikuwa anatuona vipi. Basi mama yako, katika meza yake mwenyewe, anasali macho wazi, na hajaanza jana. Huenda hivyo ndivyo anavyosali, anamtazama yule anayemwombea. Huenda naye ana maswali yake aliyoyakalia miaka yote, na katika meza nzima akaona ni wewe tu ambaye anaweza kumwonyesha uso wake bila kusuta wala kusutwa. Huenda anapenda tu kuwaona watoto wake wametulia mahali pamoja, maana kwa kaka yako huyo sidhani kama utulivu ni wa kila siku. Sijui, Macho Wazi. Natamani sana kujua, lakini sijui, na wewe pia hujui. Ninachokiona mimi ni kwamba alikukuta unamwona, na hakufumba. Aliyeinamisha kichwa ni wewe.

Kuhusu kaka yako, usibishane naye. Maneno aliyokutupia getini yalikuwa makali na hakuwa na haki ya kuyasema, ila yule ni mtoto anayeogopa kumpoteza mama yake, na hofu yake ameivalisha nguo za ibada kwa kuwa ndizo alizonazo. Mwambie wewe utaanza na yeye atafunga sala, kwa sauti yake yote. Atakubali, utaona. Na hilo la "likitokea la kutokea" usilibebe hata kwa dakika moja. Mimi ninayeamini nakwambia: Mungu ninayemjua hamwachi mama wa watu kwenye meza ya upasuaji eti kwa sababu binti yake alikosea maneno. Na wewe usiyeamini, sababu yako ya kulitupa unaijua vizuri kuliko mimi.

Kuhusu kujifanya mgonjwa, aibu! Katika habari hii mgonjwa ni mmoja, na si wewe. Usilirudie hata kwa mzaha.

Fanya hivi. Leo ukitoka kazini usipitie popote, nenda kwa mama kabla kaka hajafika. Msaidie kazi yoyote aliyonayo mkononi, kisha muulize, "Mama, kwa nini umenichagua mimi?" Halafu nyamaza. Nyamaza kama unavyonyamaza kwenye kile chumba chenu cha giza. Usimsaidie kujibu, usimalizie sentensi yake, usianze kujitetea. Akikujibu habari za bomba linalovuja, subiri. Atarudi.

Akishasema lake, sema lako bila kuzunguka: "Mama, siwezi kuzungumza na nisiyeamini kwamba yupo, lakini naweza kuzungumza na wewe, mbele ya wote." Huenda ndicho anachokitaka, umshike mkono umwambie kwamba unataka arudi, kwamba kile kiti cha dirishani hakuna mwingine wa kukikalia. Hayo unayaamini, na yaseme kwa sauti. Au huenda anataka yale maneno ya zamani, yale aliyokufundisha mwenyewe. Basi muulize kama anataka umsemee, kama vile ungemsomea mtu aliyesahau miwani yake nyumbani. Maneno yatakuwa yake, wewe utamwazima mdomo tu. Hapo hutakuwa umemdanganya, kwa sababu uongo unahitaji mmoja asijue, na ninyi wawili mtajua. Umeshasema mwenyewe, pale mbele ya kioo, kwamba mngejua wewe na yeye tu. Uliiandika kama aibu. Isome tena.

Lakini usiigize. Wa kusali vizuri anaye, amemzaa, na anasikika mtaa mzima. Amemwacha huyo akakuchagua wewe uliyemwambia ukweli mbele ya chakula. Kama angetaka maigizo, asingekuja kwako.

Siku yenyewe mtasimama kuzunguka kitanda. Mtashikana mikono, utasema lako, kaka atapokea kwa lile lisauti lake, wauguzi watasubiri mlangoni, na wote watafumba macho, hata mimi ningekuwepo ningefumba yangu. Wewe usifumbe, na safari hii usiinamishe kichwa. Tazama pale kwenye mto. Nadhani utamkuta anakusubiri.