Bakuli la Plastiki na Setilaiti ya Jirani

Garsen, Alhamisi, 1998.

Jua kali leo. Matope yaliyoachwa na Elnino yamekauka na kupasuka kama visigino vyangu. Nimeamka na hasira na sina nia ya kuiacha.

Siku hizi nimekuwa nikila peke yangu. Hapa kambini watu wote hula sinia moja, mkono kando ya mkono, Waorma, Wapokomo na sisi tuliotoka bara. Nyapara Kombo ndiye aliyenitoa. Alinitupia bakuli la plastiki akasema, "Anayeharibu kazi ya wenzake asitie mkono kwenye wali wao."

Kosa lenyewe ni hili. Mafuriko yaliangusha nguzo za simu, ndipo tukaletwa kusimamisha dishi kubwa la setilaiti ili Garsen iongee na Nairobi. Zege la msingi nilichanganya mimi. Dishi lilifanya kazi vizuri, kisha simu zikaanza kukwaruza na kukatika. Kombo akatangaza kwamba msingi umedidimia, eti zege langu lilikuwa kama uji wa mgonjwa. Lori la Jumamosi lingenirudisha Busia, bila kazi na kwa jina baya.

Nimemchukia hadi nikaota namzika ndani ya zege hilohilo.

Jana alifika Injinia Mwikali na kompyuta yake. Akaweka pima maji juu ya msingi. Umelala sawa. Kombo akasema, "Basi umedidimia wote kwa pamoja, Madam." Injinia akafungua kompyuta. Alisema atatafuta angani.

Leo kutwa nilikuwa na kazi mbili: kulinda jenereta, na kuipepea kompyuta kwa kipande cha katoni isipate moto. Alitia diski inayong'aa. Humo, akanieleza, mna setilaiti ambazo nchi za dunia zimeandikisha, kila moja inataka kukaa wapi na kusema kwa masafa gani ya mawimbi. Mgeni anatakiwa aelewane na majirani kabla ya kuanza, wasije wakaingiliana. Hapo nilielewa. Watu wa kijiji cha Hewani nao, hapa mtoni, maji ya mto yakishuka, hawalimi ukingoni kabla ya kuonyeshana mipaka.

Anaandika masafa yetu, anangoja. Majina yanashuka. Anayafungua moja moja na kuyaacha. Mengine yameandikishwa tu, alisema, setilaiti zenyewe hazijarushwa, wenyewe wanashika nafasi.

Nilikuwa naomba kimoyomoyo, huku napepea.

Kombo akachungulia. "Zima jenereta, dizeli inaisha. Mnatafuta nyota mchana?"

"Njoo uizime mwenyewe," nikamwambia, "mbele ya Madam."

Hakuja.

Kabla ya chakula ilionekana. Setilaiti mpya, imekaa karibu kabisa na yetu, masafa yaleyale, na mazungumzo na wenye setilaiti yetu hayajamalizika. Injinia akawauliza Nairobi kwa redio. Kweli, imekwisha kurushwa, na ilianza kazi siku zilezile simu zetu zilipoharibika. Malalamiko wataandika wao.

"Zege lako halina neno," aliniambia. Akatoka akawaambia wote, wakiwa wamezunguka sinia.

Kombo akasogea kidogo. "Haya, njoo ule. Yameisha."

Yameisha! Nilibaki nimesimama na bakuli langu. Nikamwambia aseme kosa halikuwa langu, kwa sauti ileile aliyonifukuzia. Akacheka, akawatazama wenzake wacheke naye. Mama Habiba, mpishi wetu, ndiye aliyemkata kicheko.

"Kombo, sinia yangu hii. Sema, au toa mkono."

Akasema, wali mdomoni: "Hukuharibu kazi."

"Sijasikia," nikamwambia.

Akameza. Akasema tena, na safari hii hata waliokuwa wakichota maji waligeuka.

Niliketi palepale ubavuni mwake, nikala nyama iliyokuwa upande wake. Sijawahi kula nyama tamu kama ile.

Nilidhani moyo ungepoa. Haukupoa. Lori la Jumamosi litaondoka bila mimi, na bado namuona akinitupia bakuli.

Nimeliosha kwa mchanga na sabuni mpaka likang'aa, nikalificha chini ya kitanda. Mama Habiba aliniuliza mbona silirudishi jikoni. Nilimwambia lina mwenyewe.

Kombo naye ana siku yake ya kukosea. Nitampakulia humo kwa mkono wangu.