Lililoyumba ni Trekta

Damiani, mdogo wangu uliyenitangulia,

Asubuhi hizi wananilaza barazani kwangu, hapa chini ya mlima, uso wangu ukiuangalia. Ukungu unashuka Uluguru polepole, unafunika migomba, unafunika mapaa, kisha unanifunika na mimi. Hapo ndipo unapokuja. Huji na uso. Unakuja na mkono tu, una grisi hadi kwenye kiwiko, na neno lako moja: "Hapa."

Trekta letu lilikuwa kuukuu tangu siku tulipolifikisha Dakawa. Ulizungusha usukani robo nzima kabla magurudumu ya mbele hayajajua kwamba yameitwa, na barabarani yalitikisika kama miguu ya ndama wa jana. Siku ile tuliliinua mbele kwa jeki, nikapanda kitini, wewe ukalala chini.

"Kaka, tingisha usukani kidogo. Kulia. Kushoto. Taratibu basi, husahihishi mtihani!"

Nilitingisha, nawe ukapitisha kiganja kwenye kila kiungo, macho umeyafumba. Ulisema kwamba mtu akitazama kwa macho, vyote vinaonekana vinacheza. Jua lilikuwa linang'aa kwenye maji ya majaruba, na mimi nilikuwa juu kama mfalme, nikisubiri sauti yako kutoka chini.

"Hapa. Bolijointi imekwisha, hiki kiungo kinachoshika gurudumu. Stelingi boksi ni nzima, usiiguse."

Bolijointi ilibidi itafutwe mjini, na kesho yake maji yalikuwa yanafunguliwa kwenye mashamba yetu. Nami nilikuwa na kitabu cha trekta. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, nimezoea kudhani kwamba nikishasoma kitu nimekielewa. Ulipokwenda kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, nilichukua spana na bisibisi, nikaikaza skrubu ya stelingi boksi, lile sanduku la gia chini ya usukani, mpaka usukani ukawa mgumu. Ule ulegevu ukatoweka mikononi mwangu. Nilifurahi, Damiani. Nilijisifu peke yangu.

Asubuhi uliushika usukani, ukanitazama. "Kaka, limekuwa gumu tu. Halijapona."

"Panda, maji yanafunguliwa sasa hivi."

Ukapanda, kwa sababu mimi ni mkubwa wako.

Bolijointi ilichomoka juu ya ukingo wa mfereji mkuu. Gurudumu moja likatazama kulia, jingine kushoto, na trekta likateremka majini bila haraka, kama ng'ombe anayekwenda kunywa. Uliruka. Ukingo ukabomoka, maji yakamwagikia porini, yakayakimbia mashamba ya watu. Wakaja mbio na majembe. Mwenyekiti wa mfereji alikuwa anahema: "Mwalimu, imekuwaje?"

Nikasema, "Aliyumba."

Sikusema zaidi. Hakuna aliyeuliza nani. Walijua ulikuwa ubatizoni, na kikombe chako kimoja cha pombe ya komoni kikageuka pipa midomoni mwao. "Kanywa yeye, likalewa trekta!" Wakaangua kicheko huku wakizoa matope. Kufikia mchana jina lako lilikuwa Yumbayumba.

Silabi moja tu. Maisha yangu yote nimezungushia kalamu nyekundu kosa hilo kwenye madaftari ya watoto: mtu ni *a*, trekta ni *li*. Ningesema liliyumba, wangeuliza kwa nini, na macho yote yangegeukia mikono yangu. Nilijua nilichokuwa nasema. Nawe, umesimama kwenye tope hadi kiunoni, ulinisikia.

Wiki ile ile ulirudi kwetu Mgeta. Ulipokuwa unafunga mzigo, ulicheka kile kicheko chako cha nusu, ukasema, "Kumbe hata Mwalimu hukosea ngeli." Kisha ukaniamkia, "Shikamoo, kaka," kama mtu anayefika, si anayeondoka. Nikaitikia marahaba. Mungu anisamehe, niliitikia.

Hukushika usukani tena. Ulilima kabichi na njegere kwenye ukungu, na kila nilipopanda kukuona ulinijazia kikapu, tukazungumza habari za mvua. Nilikuja na maneno yale mara nyingi, nikateremka nayo. Siku tulipokuzika mtu alinong'ona nyuma yangu, "Yumbayumba kapumzika." Nikaangalia viatu vyangu.

Juzi binti yako Agnesi alikuja kuniona. Sasa ni fundi, ana mkono wako. Akaliona trekta nyuma ya nyumba, pale lilipovutwa kutoka Dakawa baada ya siku ile na kuachiwa majani. Nikamwomba anipandishe kitini. Aliniinua peke yake, sina uzito tena. Akalala chini, na kwa muda sikujua ni mwaka gani.

"Baba mkubwa, tingisha kidogo. Kulia. Kushoto."

Nilijaribu. Usukani ulikuwa jiwe.

Akatoka, akainama juu ya stelingi boksi. "Fundi gani huyu? Kaikaza skrubu mpaka kaua stelingi, na bolijointi iliyokwisha kaiacha! Tazama, ilichomoka hapa."

"Ni mimi," nikasema. Nikamweleza yote, hadi ile silabi.

Alijifuta mikono kwa muda mrefu. "Shuleni waliniita binti Yumbayumba," akasema. "Nilimuuliza baba kama ni kweli alilewa. Akaniambia, kamuulize baba mkubwa, yeye ndiye anayejua Kiswahili."

Hakulia, wala hakuniambia kwamba amenisamehe. Alinipa simu. "Mpigie mwenyekiti."

Mwenyekiti amezeeka, sikio limekuwa zito. Ilibidi nitumie pumzi niliyobakiwa nayo.

"Liliyumba!"

"Nani?"

"Trekta! Trekta ndilo liliyumba. Nililiharibu mimi. Damiani hakulewa."

Nilisikia kuku wa kwake, kisha kikohozi. "Na mimi nilicheka, Mwalimu," akasema. "Nilicheka sana siku ile." Akaahidi kwamba Jumapili atasimama mbele ya jumuiya aliseme jina lako, lile ulilobatizwa.

Jana Agnesi aliilegeza skrubu, akafunga bolijointi mpya. Injini bado imelala, na mbele bado liko juu ya jeki, lakini nilizungusha usukani kwa vidole viwili, na magurudumu yakageuka pamoja, yote mawili, papo hapo. Nilikaa pale mpaka ukungu ukashuka. Nilisubiri kusikia sauti kutoka chini.

Daktari ananisemesha kwa upole siku hizi, nami naelewa maana yake. Nikifika huko, najua adabu yako, utataka kuniamkia. Tafadhali, mdogo wangu, usiniwahi. Nyamaza kidogo tu. Shikamoo ya safari hii ni yangu kuitoa, na kama utaitikia au hutaitikia, ni haki yako.

Kaka yako,
aliyekosea ngeli kwa makusudi