Ploti ya Milimani

Baba Muhonja wangu,

Huko uliko hakuna kodi ya ardhi, kwa hiyo huenda habari hizi hazijakufikia. Kaunti imethamini upya ploti zote za mji wa Kakamega na kubandika orodha ukutani. Nilienda kutafuta jina lako, nikaliona mara mbili: kwa ploti yangu ya Amalemba, na kwa ile ya Milimani uliyomjengea Mama Shisia, mke mwenzangu. Thamani ya ile yake ni mara mbili ya yangu.

Nilisimama pale mpaka karani akaniuliza kama ninaumwa.

Unakumbuka ulivyotuketisha sote wawili, wiki chache baada ya kumleta? Ulisema, "Nimewapa sawa. Nimepima kwa kamba moja." Nilikuamini. Miaka yote uliporudi kwangu umevaa shati alilolipiga pasi yeye, ukisifu kuku wake, nilijituliza kwa neno hilo: angalau ardhi ni sawa.

Basi niliandika pingamizi. Binti yetu Muhonja alinisihi niache. "Mama, watu hupinga ndio wapunguziwe. Wewe unataka kuongezewa?"

Ndiyo. Nilitaka kuongezewa.

Tulisikilizwa ukumbini, mbele ya jopo la watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama mwanasheria mwenye sauti ya upole. Kila mtu aliapa, akaeleza lake, kisha mthamini wa kaunti akamjibu akiwa na ramani mkononi. Mzee mmoja mwenye duka la mbao alilalamika kwamba amehesabiwa barabara ambayo haijawahi kujengwa. Wakaichunguza ramani, wakaona ni kweli, wakampunguzia. Alitoka akiwashukuru hadi mlangoni.

Nilipoitwa, Mama Shisia naye aliitwa. Sikujua kwamba amepinga pia. Yeye alitaka thamani ya ploti yake ishushwe, ilingane na yangu. Tukaketi benchi moja. Bado ana ile shingo yake ndefu, Baba Muhonja, na nilimchukia upya kwa sababu ya shingo hiyo.

"Mama," mwenyekiti akaniuliza, "unajua ukishinda utakuwa unalipa kodi zaidi?"

"Najua."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka iandikwe sawa na ya huyu. Marehemu alisema ni sawa."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

Mthamini akafungua faili zote mbili. "Ukubwa ni sawa kabisa, mama. Lakini yako ina kijito upande wa chini, na pale hairuhusiwi kujenga. Ya Milimani ni kavu, tena iko kando ya lami." Kisha, kama mtu anayesoma tu yaliyo mbele yake, akaongeza, "Na hii ya Milimani ndiyo marehemu alinunua kwanza." Akataja mwaka.

Nilihesabu kwa vidole chini ya leso. Mwaka huo Muhonja alikuwa bado ananyonya. Ulikuwa ukifundisha kilimo Bukura, na mwezi baada ya mwezi tulikula obusuma, ugali wetu, kwa mboga ya mrenda, bila hata kipande cha nyama. Nilipokuuliza mshahara unakwenda wapi, ulinishika bega, ukasema, "Vumilia kidogo. Kuna kitu nakutengenezea." Hukukitaja tena. Nilidhani ni maneno tu.

"Una la kuongeza, mama?"

Nilimtazama Mama Shisia. Naye alikuwa amehesabu, nilimwona usoni. Ningeweza kulisema mbele ya ukumbi mzima.

"Sina," nikasema.

Wakaamua ploti zote mbili zibaki na thamani zilizoandikwa. Nilikuwa nimeshafika nje Mama Shisia aliponifuata.

"Dada, mwaka huo mimi nilikuwa darasa la nne."

"Najua."

"Basi alikununulia wewe."

Niliondoka bila kumuaga.

Tangu siku hiyo nimetafuta hasira niliyokuwa nayo juu yake, na siipati yote. Alipewa, akapokea, hata mimi ningepokea. Lakini wivu haujaniacha. Ninamwonea wivu yule msichana niliyekuwa, uliyemtoa kwao Isecheno, aliyekusongea obusuma kwa mikono yenye malengelenge, ambaye ulizunguka Milimani nzima ukimtafutia mahali pakavu. Ulimpenda hivyo, na hukumwambia. Halafu siku moja, sijui ni siku gani, ukaona kwamba yeye hata kwenye kijito atakaa, maana halalamiki. Hilo ndilo ningekuuliza kama ungekuwa hapa. Nisingekupigia kelele. Ningetaka tu unitazame ukinijibu.

Jana nilimtuma Muhonja kwa Mama Shisia amwambie kwamba Jumapili, tukitoka kanisani, nitapita kwake. Tangu aolewe sijawahi kuvuka lango lile. Amejibu kwamba atachinja ingokho. Sikuomba kuku. Nataka nisimame uani pale kidogo, nione ulikuwa umenichagulia nini.

Pumzika, Baba Muhonja. Bado sijamaliza kukukasirikia.

Mimi mkeo wa kwanza,
Mama Muhonja